Maji Yaliyo Chini ya Mchanga

Hotuba kwa wanakwaya na viongozi wa vikundi vya ushirika wa nyumbani, Eastlands, Nairobi

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena.

Amina hiyo imetikisa mabati. Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada, vijana wa kwaya mliofika mapema kupanga viti, asanteni. Lakini kwa kuwa nimekaa kwenye viti hivyo miaka mingi, najua yuko mtu humu ndani ambaye mdomo wake umeitika na moyo wake haukusogea hata kidogo. Asubuhi hii nimekuja kwa ajili yake. Ninyi mnaobubujika furaha, nisikilizeni pia, maana mtu huyo huenda mnaishi naye nyumba moja, mnapakua naye sufuria moja, na hamjui.

Niliimbisha kwaya miaka kumi na mitatu. Katika hiyo, miwili na zaidi nilikuwa mkavu. Sikuwa nimeanguka kwa namna ile tunayonong'onezana. Sikuwa nimefiwa. Biashara ya mke wangu ilikuwa inakwenda, watoto walikuwa shuleni. Ilianza wiki chache baada ya Pasaka, kimyakimya, jinsi unavyogundua kwamba saa ya ukutani imesimama na hujui ilisimama lini. Niliomba, maneno yakafika darini yakarudi. Nilifungua Biblia nikasoma sura nzima kama ninayesoma bili ya stima. Na kila Jumapili nilisimama mbele, nikainua mikono, nikafumba macho, kwaya ikafuata, watu wakatokwa na machozi. Mama mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Mwalimu, leo umenifikisha mbinguni." Nikamshukuru. Nikapanda matatu, nikakaa dirishani, na ndani yangu hamkuwa na kitu. Safari ile ni ya dakika ishirini tu, na sijafanya nyingine ngumu kama hiyo katika mji huu.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia mtu.

Ushuhuda wetu una vyumba viwili. Kipo chumba cha zamani: nilikuwa mlevi, nilikuwa mgonjwa, sikuwa na kazi. Na kipo chumba cha sasa: Bwana akatenda. Aliyesimama kwenye ujia katikati ya vyumba hivyo hana la kusema. Desturi hii tumeirithi kwa watu wema. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia huku kwetu, uliwafundisha babu na nyanya zetu kusimama mbele ya wenzao na kusema ukweli wa mioyo yao, nao wakaliita jambo hilo kutembea katika nuru. Nimelelewa na zawadi hiyo na ninaiheshimu. Ila hata pale, mara nyingi aliyesimama alikuwa na la kuungama: wivu, uongo, ugomvi wa mpaka wa shamba. Mtu asiye na dhambi mpya ya kutaja, ila tu moyo wake hausikii tena ladha ya kitu, atasimama aseme nini?

Nilipojaribu kusema, ndugu niliyemwamini aliniuliza nimeficha dhambi gani. Mwingine akaanza kutafuta laana ya ukoo, akataka majina ya babu zangu. Kisha nikakutana na mhubiri aliyenieleza kwamba mbingu zangu zimefungwa, zitafunguka nikipanda mbegu, na akanipa namba ya kutuma pesa kwa simu. Hili naomba nilitamke waziwazi, na ninalitamka kwa uchungu: kumtoza mwenye kiu pesa ya maji ambayo huna ni ukatili. Wako watu katika mji huu waliotoa karo ya watoto wao kwa sababu walitaka tu kumsikia Mungu tena. Wakarudi nyumbani wakavu vilevile, na sasa mtoto yuko nyumbani pia.

Marafiki wa Ayubu walifanana na watu hao. Walisema mengi mazuri juu ya Mungu, unaweza kuyahubiri Jumapili yoyote. Lakini mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia, akasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu, yule yule aliyekuwa akilalamika tangu sura ya tatu. Mungu alichagua upande wa mlalamikaji.

Sikatai kwamba upo ukavu unaoletwa na dhambi. Daudi anausimulia katika Zaburi ya 32: aliponyamaza asiungame, mkono wa Mungu ulimlemea, jasho lake likakauka akawa "kama nchi kavu wakati wa kaskazi". Mtu wa Pwani anakielewa kipindi hicho bila kueleza. Dawa yake inajulikana, nayo ni kuungama na kurudisha ulichochukua. Ukavu wa namna hiyo haukuachi ubahatishe sababu. Ukilala, sababu inakuja kukaa kitandani kando yako na inajitaja jina.

Sasa, nitajuaje kama moyo wangu umekauka au umepoa tu kwa kupenda mengine? Msaada mkubwa niliupata kwa mtu wa mbali. Yohane wa Msalaba alikuwa mtawa wa Uhispania. Desemba 1577 watawa wenzake, wa shirika lake mwenyewe, walimkamata wakamfungia Toledo katika chumba kidogo chenye giza, na akakaa humo karibu miezi tisa mpaka alipotoroka Agosti 1578. Huyu hakusoma habari za giza kwenye semina. Baadaye, akiwaongoza wengine, alitoa alama za kupimia. Moja ni kwamba aliyekaushwa haoni utamu katika mambo ya Mungu, wala haoni utamu katika jambo lingine lolote. Aliyepoa kwa kupenda pesa au mapenzi ya kando bado ana hamu, hamu yake imehama nyumba tu. Alama ya pili ni kwamba jambo hilo linamuuma. Anakwenda akimfikiria Mungu kwa wasiwasi, akidhani hamtumikii tena, akidhani anarudi nyuma. Ya tatu, hata akijitahidi, hawezi tena kutafakari kwa njia alizozizoea.

Niliposikia hiyo ya pili nililia, na nilikuwa sijalia kwa muda mrefu. Maana nilikuwa nimeyahesabu maumivu yangu kuwa ushahidi dhidi yangu, na huyu mzee ananiambia maumivu hayo ndiyo ushahidi upande wangu. Asiyejali haumii. Maiti haoni kiu.

Lakini Yohane huyo huyo aliongeza onyo ambalo sisi hulipita mbio: alama ya kwanza ikiwa peke yake inaweza kutoka kwenye mwili, kwenye ugonjwa wa huzuni. Hapa naomba nikae kidogo.

Mtazame mama wa Kayole anayefanya kazi Westlands. Saa kumi alfajiri ameamka. Kumi na moja yuko kituoni ili asikwame Jogoo Road. Anarudi saa tatu usiku, anapika, anakagua madaftari ya watoto, analala saa tano akiwa na bahati. Ijumaa ni kesha. Jumamosi ni mazoezi ya kwaya na mazishi ya mtu. Jumapili yuko kanisani tangu ibada ya kwanza. Siku anapotuambia hasikii kitu akiomba, tunamwambia aongeze maombi! Someni Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya ametoka kuona moto ukishuka Karmeli, na muda mfupi baadaye yuko chini ya mretemu akimwambia Mungu yatosha, achukue roho yake. Malaika hakumkemea. Hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale, akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile, akamwambia safari hii ni kubwa mno kwako. Sauti ndogo tunayopenda kuihubiri ilikuja baadaye sana, kwa mtu aliyekwisha kula na kulala.

Kwa hiyo, viongozi wa vikundi, mtu akija kwenu na neno hili, muulizeni kwanza analala saa ngapi. Na ikiwa halali kabisa, hali, amechoka kuishi, anawaza kujidhuru, usimwache aende peke yake. Mshike mkono umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Unyogovu ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Daktari si mshindani wa Roho Mtakatifu, na nitalisema neno hili popote nitakapopewa kipaza sauti, kwa sababu nimeona tukichelewa.

Tuendelee. Tuseme umelala, umeungama ulichopaswa kuungama, na bado ni kukavu. Jaribu kubwa la wakati huo, hasa Nairobi, ni kuhama.

Jangwani Misri aliishi mtawa aliyeitwa Evagrius, akafariki mwaka 399. Alieleza adui anayemjia mtawa katikati ya mchana, pepo wa adhuhuri. Anasema huanza kushambulia saa nne na humzingira mtu mpaka saa nane. Hizo ni saa zetu hizi hizi, maana na wao walihesabu tangu jua linapochomoza kama sisi. Jua linaonekana halisogei, siku inakuwa na saa hamsini. Mtawa anachungulia dirishani mara kwa mara, anatoka nje aone kama saa tisa ya chakula imekaribia, anatazama kama yuko ndugu anayekuja kumtembelea. Anaanza kupachukia mahali alipo. Anaanza kuona ndugu zake hawana upendo. Kisha mawazo yanamwonyesha mahali pengine ambapo mambo yangekuwa mepesi, na yanamkumbusha, kwa maneno mazuri kabisa, kwamba Mungu anaabudiwa popote.

Miaka zaidi ya 1,600 imepita, na nikisoma hayo naona mtaa wangu. Jumapili hii South B, ijayo Kasarani, kesha ni Githurai, kwa sababu tumesikia kule kuna moto. Kuanzia Jumatatu simu iko mkononi, tunaruka kutoka mahubiri hadi mahubiri, dakika tatu hapa, dakika mbili pale, tukichungulia dirishani. Ushauri wa yule mzee ulikuwa mfupi: usitoke chumbani. Kaa. Yakutoke machozi ukiwa umekaa.

(Simzungumzii mtu anayeumizwa na kiongozi wake. Huyo aondoke leo.)

Nilizaliwa Makueni. Likizo za Agosti nilizimaliza kwa nyanya yangu, susu, karibu na mto Kaiti. Mgeni kutoka Nairobi akivuka hapo mwezi wa nane au wa tisa ataapa kwamba hakuna mto. Ni mchanga mtupu, wa moto unaochoma nyayo, na mbuzi wamelala katikati. Susu alinichukua asubuhi pamoja na punda mmoja, mitungi minne ya lita 20, na kata, kile kipande cha kibuyu. Hakuchimba popote. Alikwenda mpaka kwenye kona ya mto, chini ya mwamba, mahali pale pale alipochimba mama mkwe wake, palipozungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie. Akapiga magoti akaanza kuchota mchanga na kuumwaga pembeni. Juu ni mchanga mkavu, na huo unaporomokea tena ndani, hata unadhani hufanyi lolote. Kisha unakuja mchanga wa rangi nyingine, mzito kidogo, unaoshikana ukiufinya kiganjani. Nilishangilia. Susu hakushangilia, aliendelea kuchota mpaka nikawa naona mgongo wake tu. Ndipo chini kabisa pakang'aa.

Mimi, mtoto, nikataka kunywa mara moja. Akanizuia mkono. Maji ya kwanza ni tope, akayachota akayamwaga. Akayamwaga tena mara ya pili, na ya tatu, na kila alipomwaga nilitaka kulia. Kisha tukakaa. Ukiharakisha unatibua. Maji yanachuruzika polepole kutoka kwenye kuta za shimo, na kazi ya aliyechimba ni kukaa kando na kuteka kata moja yanapotosha. Haba na haba hujaza kibaba, tulikuwa tukiimba shuleni. Pale ndipo nilipoiona hiyo haba kwa macho, na mtungi mmoja ukatumaliza karibu saa nzima.

Sikuwahi kumsikia susu akisema mto umekufa. Alisema mto umeshuka chini. Siku hizi Ukambani watu hujenga mabwawa ya mchanga kwa hekima iyo hiyo: unajenga ukuta wa saruji kukata mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga ambako jua haliyafikii. Maji yaliyo juu ya ardhi jua la kule linayanywa. Yaliyozikwa ndiyo yanayofika Oktoba.

Nikiwa katika mwaka wa pili wa ukavu wangu nilimkumbuka susu na kata yake, nikajua nilikuwa nimefanya kosa gani. Kila asubuhi nilichimba kidogo, nikakuta mchanga mkavu, nikahamia mahali pengine. Nilikuwa na mashimo mafupi ishirini.

Na sisi wa mji huu tuna somo letu wenyewe. Jina Nairobi limetoka kwa Wamaasai, enkare nairobi, maji baridi, na wengine wenu leo asubuhi mmenunua mtungi kwa mchuuzi wa mkokoteni. Mwanzoni mwa 2017 mgao wa maji ulianza. Kilichowatia watu hasira zaidi ni mvua iliponyesha: tunalowa mpaka mifupa, barabara za mtaa zimegeuka mito, na mfereji jikoni unapuliza hewa! Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya maji yetu hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, bwawa la mita za ujazo milioni 70, na linalolijaza ni mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Mvua ya Nairobi hailijazi. Inyeshe hapa wiki nzima, kama haijanyesha kule juu, mfereji utabaki hivyo hivyo.

Ndugu zangu wa kwaya, mimi nimekuwa mwimbishaji, na najua jinsi ya kunyesha mvua ya Nairobi. Unashusha kinanda, unarudia kiitikio mara ya sita, unanong'ona kwenye kipaza sauti. Watu watalowa. Sisemi kulowa ni vibaya. Mara nyingine Mungu yumo humo. Lakini kinachomlisha Mkristo miaka arobaini kiko mbali na pale tunapolowa, juu mlimani, kazi ya Kristo iliyokwisha kufanyika kabla sijajisikia vizuri au vibaya. Siku nisiyosikia chochote, msalaba haujapungua hata tone.

Wakati ule wa mgao, mke wangu alikuwa akilala akiwa ameacha mfereji wazi, na sufuria tupu chini yake, ili maji yakija usiku mlio uamshe nyumba. Hakujua ni usiku gani. Usiku mwingi hayakuja. Lakini hakuufunga. Niliamua kuomba hivyo. Nikapunguza maneno, dakika kumi tu asubuhi, kiti kile kile, kabla ya watoto kuamka. Niliposhindwa kuwa na maneno yangu niliazima ya zaburi, moja kwa siku, kwa sauti, niwe nazihisi au nisizihisi. Nikaendelea kushiriki meza ya Bwana, kwa sababu mkate haukunidai nihisi kitu. Nikaendelea kuimbisha, lakini niliacha kuigiza machozi. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Na hatimaye nikamwambia mtu mmoja, mwimbaji wa sauti ya nne, mtu asiye na maneno mengi. Hakunishauri. Alisema, "Mwalimu, wewe uje tu. Kuomba nitakuombea mimi." Kwa miezi mingi niliishi kwa imani ya mtu mwingine, na sioni haya kulisema, kwa sababu yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia darini naye aliishi hivyo. Marko anaandika kwamba Yesu alipoiona imani yao, wale wanne waliombeba, ndipo akasema naye. Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi alihisi nini pale kwenye kitanda.

Kuna waliokaa hivyo miaka mingi kuliko mimi. Mama Teresa wa Calcutta alifariki 1997, na miaka kumi baadaye barua zake zilichapishwa. Ndipo dunia ikajua kwamba kwa karibu nusu karne, akiwaokota wanaokufa barabarani, akiamka kusali kila alfajiri, yeye mwenyewe hakuwa akimhisi Mungu aliyemtumikia. Hata sisi tusio Wakatoliki tunapaswa kulitafakari jambo hilo taratibu. Wanaokufa walioshwa, walilishwa, walishikwa mkono, na aliyewashika alikuwa akichimba mchanga mkavu.

Sitaki kuwadanganya kwamba mwisho wangu ulikuja na radi. Ilikuwa Jumatano, mwaka wa tatu, tumekwenda kutembelea wagonjwa hospitalini. Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alilala mama mzee ambaye hatukumjua. Alikuwa mdogo chini ya blanketi kama mtoto. Nikaanza kumsomea Zaburi ya 23 kwa kichwa, kwa sauti ile ya kazi niliyoizoea. Nilipofika "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti", koo likakwama, sijui kwa nini, nikanyamaza. Yule mama, macho yamefumba, akaendelea kwa mnong'ono: "Sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami."

Nimeiimba zaburi hiyo tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kuona kinachotokea hapo. Kwenye majani mabichi na maji ya utulivu Daudi anasema "yeye": hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Anapoingia bondeni anaanza kusema "Wewe". Bondeni ndipo anapoacha kumzungumzia Mungu na kuzungumza naye.

Nilisimama pale nimeshika chuma cha kitanda. Sikuona maono, wala sikusikia joto mwilini. Mchanga ulilowa, basi. Ule mchanga wa rangi nyingine, mzito kidogo, unaoshikana kiganjani. Kesho yake ulikuwa karibu mkavu tena, na nikakaa kwenye kiti kile kile, dakika kumi. Wiki kadhaa baadaye ukalowa tena. Ndivyo ilivyorudi, na ziko siku mpaka leo ambazo nachota tope na kulimwaga.

Sasa naomba tusimame, mwenye magoti mabovu akae. Fungueni Zaburi ya 88. Kichwa chake kinasema ni ya Hemani Mwezrahi, na kinasema imekabidhiwa kwa mwimbishaji. Nyingi ya zaburi za kilio hugeuka kabla hazijaisha, hupata "lakini" yake na mstari wa sifa. Hii haigeuki. Neno lake la mwisho ni gizani. Na bado iliwekwa katika kitabu cha nyimbo cha watu wa Mungu, mwimbishaji fulani akasimama mbele ya kwaya yake akawapa sauti ya kuanzia, wakaiimba yote, waliokuwa na furaha pamoja na wasiokuwa nayo.

Tutaisoma pamoja, polepole, mpaka mwisho. Wewe uliye mkavu, soma kwa ajili yako. Wewe uliyeshiba, msomee aliye kushoto kwako. Kinanda kisipigwe baada yake, tafadhali. Tutakaa kimya kidogo, kisha mama wa jikoni watatuletea chai.